Wanafunzi wa kigeni na jembe la siku ya tatu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam. Mwaka huu nimepewa kazi ya kuratibu wanafunzi wa kigeni wa kitivo chetu. Wapo 19: Warundi, Wakongo, Wakomoro, wawili wa Sudan Kusini, Mnaijeria mmoja na Wachina watatu. Tunawapokea vizuri, tunawafanyia wiki ya utambulisho na usiku wa tamaduni. Lakini muhula ukifika katikati nawakuta wamejitenga kwenye kimbweta chao (zile meza za nje za kujisomea), na kazi za vikundi zikitolewa wao ndio wanaobaki. Mwaka jana wawili waliondoka bila kuaga. Bajeti hakuna. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Anzia kwenye simu ya CR, yaani mwakilishi wa darasa.

Nimekuwa mshauri wa wanafunzi kwa zaidi ya miaka 20, na ningeambiwa nirekebishe kitu kimoja tu kesho asubuhi, ningechagua kundi la WhatsApp la darasa. Miaka kadhaa iliyopita alikuja ofisini kwangu kijana wa Kinaijeria, mwaka wa kwanza, shati limenyooka kwa pasi, kalamu mbili mfukoni, midomo inamtetemeka. Alikuwa ametoka kwenye ukumbi wa testi akakuta viti vitupu. Siku mbili kabla, CR wao alikuwa ameandika: "Wadau, testi ya Dokta imepigwa kalenda, sasa ni Alhamisi saa 2, palepale pa siku zote." Neno "kupigwa kalenda" lilimchanganya, akamuuliza jirani yake wa hosteli, akaambiwa ni kuahirishwa. Saa hakuuliza, maana kwake 2 ni 2. Akafika saa nane kasoro robo mchana, amejiandaa kuliko wengi. Wenzake walikuwa wamefanya testi tangu asubuhi, wamekula, na wengine wameshalala.

Hakuna aliyemfanyia ubaya kijana yule. CR aliandika Kiswahili safi kwa watu wanaohesabu saa tangu jua linapochomoza. Ndivyo mgeni anavyotengwa katika vyuo vyetu mara nyingi, bila mtu kukusudia, kwa mambo ambayo mwenyeji hayaoni kwa kuwa amezaliwa ndani yake. Kwa hiyo waite maCR wa madarasa yenye wageni, mkubaliane mambo mawili. Tangazo lolote la ratiba, testi au malipo liandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na saa iandikwe kwa tarakimu nne, 08:00 au 14:00, isiyo na ubishi. Utani na salamu viendelee kwa Kiswahili chake, usiviingilie. Kundi likigeuka ofisi, wanafunzi watafungua jingine la pembeni, na huko mgeni hataalikwa kabisa.

Sasa nije kwenye hilo la kuwapokea vizuri. Nakuamini, kwa kupokea hatujambo. Kinachotushinda ni kinachofuata. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na Mwalimu Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipokuwa anaeleza maana ya ujamaa. Watu wengi huisikia kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi, kwa miaka hii yote ya kukaa na vijana wa watu, nimeanza kuisikia kutoka upande wa mgeni mwenyewe: kupewa jembe ni kuambiwa kwamba shamba hili linakuhitaji. Sisi tunamweka mwanafunzi wa kigeni kwenye mkeka wa siku mbili kwa miaka mitatu mizima. Anapikiwa pilau, anapigiwa ngoma, anapigwa picha na bendera yake, halafu Jumatatu darasani hakuna mtu anayemhitaji kwa lolote.

Mwaka 1977 Stephen Bochner na wenzake, wakiwachunguza wanafunzi wa kigeni huko Hawaii, walieleza kuwa mwanafunzi wa namna hii huishi katika maduara matatu ya marafiki. Kuna la watu wa kwao, ambamo anasema lugha yake na kupumua. Kuna la wageni wenzake wa nchi nyingine, la kustarehe. Na kuna la wenyeji, ambalo kazi yake kubwa ni msaada wa masomo na wa ofisi: nani ana notisi, barua inaandikwaje, dirisha gani lina mtu anayesikiliza. Usiku wa tamaduni unayalisha maduara mawili ya mwanzo. Hilo la wenyeji halijengeki kwa ngoma, na kwa niliyoyaona ndilo linaloamua kama mtu atafika mahafali. Kwa sababu hiyohiyo, usiwatawanye kwenye kimbweta chao. Wanakihitaji. Unachotakiwa kukihangaikia ni kwamba hawana pengine pa kukaa.

Jembe lenyewe ni kazi ya kikundi. Angalia kinachotokea mhadhiri anaposema, "Jigaweni watano watano." Ndani ya dakika tatu waliosoma pamoja kidato cha sita wameshikana, waliokuwa kambi moja ya JKT wameshikana, wa chumba kimoja wameshikana. Wanaobaki wamesimama karibu na mlango ni wageni, pamoja na yule Mtanzania mmoja mkimya aliyechelewa kusajiliwa. Nao wanaambiwa, "Basi ninyi mtakuwa kikundi cha mwisho." Nimesahihisha kazi za vikundi hivyo. Zinasikitisha, na hazisemi chochote kuhusu akili za walioziandika.

Gordon Allport, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1954 kuwa kuwachanganya watu wa asili tofauti hakutoshi kuondoa dhana mbaya walizo nazo. Wanatakiwa wawe na hadhi sawa katika shughuli yenyewe, wawe na lengo moja, wategemeane ili kulifikia, na mwenye mamlaka aonyeshe wazi kwamba anaunga mkono. Katika chumba chenu cha mihadhara mwenye mamlaka ni wewe.

Gawa vikundi mwenyewe, kwa orodha, kabla hujaingia darasani. Idadi ikiruhusu, weka wageni wawili kwenye kikundi kimoja, maana mmoja peke yake kati ya wanne wanaojuana ataishia kuwa mchapaji wa kazi za wenzake. Kisha tunga swali ambalo haliwezi kujibiwa vizuri bila huyo mgeni. Hili ndilo linalosahaulika, na ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la usafirishaji na ugavi, mhadhiri kijana kama wewe. Miaka yote swali lilikuwa: eleza changamoto za bandari ya Dar es Salaam. Vikundi vyote vilileta desa lilelile, majibu ya kunakiliana, hata makosa ya tahajia yalifanana. Mwaka huo akalibadili: lifuate kontena moja kutoka geti la bandari hadi kwa mwenye mzigo, Bujumbura au Lubumbashi, utaje kila mahali linaposimama na sababu yake. Mrundi aliyekuwa hafungui mdomo ghafla ndiye akawa anajua mambo ya Kabanga na Kobero, mpakani. Binti wa Lubumbashi, ambaye baba yake mdogo ni dereva wa masafa marefu, alichukua kalamu ya ubao akachora Tunduma, akavuka Nakonde, akaishusha barabara ndani ya Zambia mpaka Kasumbalesa, na pembeni ya kila kituo akaandika magari hulala hapo usiku ngapi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, nusu Kifaransa. Wenzake wakawa wanatafsiriana, wananyang'anyana daftari, mmoja anapiga picha ubao kabla haujafutwa. Kipindi kilipoisha walitoka naye kwenda kwa mama lishe, na hakuna aliyewaagiza waende naye.

Sheria, afya, kilimo, ualimu, kote kuna swali la namna hiyo ukilitafuta. Na alama zisiwe za kikundi peke yake. Kila mmoja aandike nusu ukurasa: alifanya nini, na alijifunza nini kwa mwenzake, akimtaja kwa jina.

Jina, narudia. Mwanafunzi akiitwa "wewe Mkongo" kwa mwaka mzima na mhadhiri anacheka pamoja na darasa, usitegemee ataomba msaada kwa mhadhiri huyo. Jifunze majina ya hao 19 kabla ya wiki ya pili, uyatamke kama wanavyoyatamka wao. Na kwa Warundi uwe na uangalifu wa ziada. Wengine ndugu zao wamepitia makambi ya wakimbizi ya Kigoma. Swali la "kwenu kulikuwaje wakati wa vita?" lililoulizwa mbele ya watu 100 si la kirafiki hata kama moyo wako ni mweupe.

Tuje kwenye lugha, ambayo hapa kwetu ina vipande visivyofanana. Umewataja kwa pamoja kama "wageni", lakini shida zao zinapishana kabisa. Mrundi na Mkongo wamesoma kwa Kifaransa. Kiswahili wanakijua, ila cha kwao, na akisema "niko nakula" darasa linaangua kicheko, basi anaamua kunyamaza katika lugha pekee ambayo ingemsaidia. Mkomoro anatoka kwenye Kifaransa na Kiarabu, na lugha yake ya nyumbani ni ndugu wa Kiswahili, kiasi kwamba tunadhani anatuelewa kuliko anavyotuelewa. Mnaijeria yuko sawa kwa Kiingereza, anazama nje ya darasa. Wachina wako inategemea wamekujaje. Vyuo vya China vimefundisha Kiswahili tangu miaka ya 1960, na unaweza kumpata anayekisema kwa ufasaha akaja kukwama kwenye mhadhara wa takwimu.

Ufasaha wa kuongea hutudanganya walimu. Jim Cummins, aliyechunguza watoto wa wahamiaji nchini Kanada, alitenganisha mwaka 1979 lugha ya mazungumzo na lugha ya kitaaluma. Ya kwanza mtu huipata katika miaka 2 hivi, ya pili huweza kuchukua miaka 5 hadi 7. Kijana anayekuchekesha kwenye korido anaweza kuwa hajui afanye nini na neno "jadili" kwenye karatasi ya mtihani. Usipime shida ya mtu kwa maongezi yake ya korido. Mwambie aandike aya moja wiki ya kwanza, isome wewe mwenyewe.

Kuna jambo letu wahadhiri ambalo lazima tuliseme. Sera inasema tunafundisha kwa Kiingereza. Tunaanza nacho, tunakwenda nacho vizuri, halafu pale dhana inapokuwa ngumu, nyuso zinapoanza kukunjamana, tunahamia Kiswahili, na darasa zima linapumua. Ni mwalimu mzuri anayefanya hivyo, nami sitakuambia uache. Watanzania wako wanakihitaji kile Kiswahili. Lakini angalia ni wakati gani umehama. Umehama kwenye sentensi ngumu kuliko zote, ile itakayotoka kwenye mtihani, na wapo watu safu ya pili ambao kwao taa imezimika. Ukishaeleza kwa Kiswahili, rudi useme tena kwa Kiingereza, sentensi mbili tu, na neno la msingi uliandike ubaoni. Inachukua nusu dakika. Wenyeji nao wanafaidika, kwa sababu mtihani wenyewe utakuja kwa Kiingereza.

Kwa upande wa pili, wageni wafundishwe Kiswahili cha kuishi, na hili halihitaji bajeti. Wanafunzi wenu wanaosoma uhusiano wa kimataifa au utalii wanatafuta Kifaransa kwa udi na uvumba. Weka kimbweta kimoja, Jumanne na Alhamisi jioni: nusu saa Mrundi anafundisha Kifaransa, nusu saa anafundishwa Kiingereza cha kitaaluma. Mnaijeria anapewa Kiswahili cha daladala na cha ofisini, yeye anasahihisha insha. Salamu ziwe somo la kwanza. Nimeona wageni wakicheleweshewa barua siku tatu kwa sababu tu waliingia ofisini wakaanza na shida yao, bila "shikamoo" wala "habari za kazi", na karani akawaona hawana adabu. Karani naye aelezwe kwamba huko kwingine kwenda moja kwa moja kwenye jambo ni kuheshimu muda wake.

Haya si mageni hapa jijini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria. Kuanzia 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi: udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Mganda aliyetaka uwakili alikuja hapa kusoma katika chuo chake mwenyewe, na hakuna aliyemwona amekuja kutembea. Mpango huo ulivunjika 1970. Katika miaka hiyohiyo pale Mlimani alifundisha mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana, na mwaka 1967 vijana wa nchi mbalimbali, Yoweri Museveni akiwa mwenyekiti wao, walianzisha umoja wao wa kimapinduzi, USARF, uliokuja kupigwa marufuku 1970. Sikusimulii haya ili uanzishe siasa kitivoni. Vijana wale walikuwa na jambo moja walilolitaka wote, ukombozi wa Afrika, wakabishana juu yake mpaka usiku. Nawaza mara nyingi ni jambo gani leo lingewakesha pamoja Mrundi, Mchina na kijana wa Mbagala, na ninaamini lipo, ila haliwezi kuonekana kwenye ratiba yenye maonyesho ya mavazi peke yake.

Mambo ya ofisi nitayapitia haraka, ingawa ndiyo yanayowavunja moyo mapema. Andika karatasi moja yenye hatua zote kwa mpangilio: ulinganisho wa vyeti vya sekondari kupitia NECTA (Baraza la Mitihani), utambuzi wa vyeti vya juu TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), hati ya ukaazi daraja C kule Uhamiaji, bima ya afya, laini ya simu. Laini ina uzito kuliko tunavyodhani. Mgeni huisajili kwa pasipoti na alama za vidole; asipokuwa nayo hana pesa ya simu, na asipokuwa na pesa ya simu namba ya malipo ya chuo inamwisha muda mkononi. Siku ya kwanza mpeleke mtu na mwenyeji wake wakasajili. Pia weka daftari la tarehe za kuisha kwa hati za ukaazi, uwakumbushe miezi mitatu kabla. Usiwaachie wenyewe.

Halafu kuna bumu, fedha za mkopo za kujikimu. Bodi ya Mikopo ikichelewesha, chuo kizima kinajua, wahadhiri wanalegeza, mama lishe anakopesha. Mgeni hana bumu. Mzazi wa Bujumbura anahangaika wiki tatu kutafuta dola za kutuma, na hakuna tangazo linalosema hivyo mahali popote. Ongea na idara ya fedha mapema wakubali malipo ya awamu kwa barua yako, kabla jina la mtu halijaondolewa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani.

Na likizo usizisahau. Nilisoma nje miaka miwili, mji wa baridi. Krismasi ya kwanza mgahawa wa chuo ulifungwa majuma mawili, korido nzima ikawa giza, nikaishi kwa mkate na chai. Siku ya nne msichana wa ghorofa ya chini, ambaye tulikuwa tumefanya naye kazi moja ya maabara, aligonga mlango kuuliza kama nina majibu ya swali la saba. Alikuta sina mtu. Akanichukua kwao, tukamaliza swali la saba mezani kwa mama yake. Wakati wote ule ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ilikuwa imenitumia kadi nzuri yenye picha ya theluji. Wakomoro wako mfungo ukifika, Wasudani wako Desemba ikifika, ulizia mapema wanakaa wapi na nani.

Ukishaanza, macho yako yawe kwenye wiki ya tatu hadi ya sita. Kabla ya hapo kila kitu bado ni kipya. Baada ya hapo mtu ameshaamua moyoni. Pitia mahudhurio ya hao 19, na yeyote aliyekosa vipindi viwili mfululizo mtafute kwa mguu, usimwandikie barua pepe.

Kuhusu wawili walioondoka, namba zao bado unazo. Wapigie wiki hii, jioni, wakiwa wametulia. Usiwaulize kwa nini waliondoka, watakujibu kwa adabu tu kwamba ni matatizo ya kifamilia. Waulize ni siku gani walianza kufunga mizigo akilini, na siku hiyo walikuwa wamekaa na nani. Kisha niandikie tena, nitakujibu kwa hayo watakayokuambia.